Kabla ya Kung'oa Bati la Kwanza



Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Lakini kuvuja kwa paa si nafuu ya mtu yeyote. Mabati yaliyopigwa miaka 25 au 30 iliyopita yameliwa na kutu, misumari imelegea, na kila mvua ikinyesha mama anapanga sufuria na beseni sakafuni huku watoto wakivuta kitanda kutoka pembe hii hadi ile. Hatimaye inafika siku ambapo kuziba kwa lami na vipande vya nailoni hakusaidii tena. Lazima paa lote libadilishwe.

Wengi wetu tunadhani kazi hiyo ni ya fundi, na kwamba mwenye nyumba hana la kufanya ila kulipa. Sivyo. Kazi kubwa ni ya mume na mke, nayo hufanywa kabla fundi hajaegemeza ngazi yake ukutani. Paa likiondolewa, vyote vilivyo chini yake hubaki wazi: vyombo, karatasi, watoto, hata mambo ambayo wenye nyumba walikuwa hawajaambiana. Kwa hiyo somo letu la leo lina nia moja tu. Iandaeni nyumba pamoja, ili kazi ya siku tatu isiache ufa wa miaka mingi katika ndoa yenu.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

Someni kwanza Injili ya Marko 2:1-12. Watu wanne walimbeba mwenzao aliyepooza hadi nyumba aliyokuwamo Yesu kule Kafarnaumu. Waliposhindwa kupita mlangoni kwa sababu ya umati, walipanda juu, wakafungua paa, wakamteremsha. Angalieni kwamba hawakufungua paa kwa fahari. Walilifungua kwa ajili ya yule aliyekuwa dhaifu kuliko wote.

Kisha someni Luka 14:28. Hapo Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Mwisho, someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye nyumba anaagizwa kuweka ukingo juu ya paa lake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Mistari hiyo inatupa mambo matatu ya kushika: mtu mbele ya kitu, hesabu mbele ya kazi, na usalama mbele ya haraka. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliita familia ya Kikristo kanisa la nyumbani. Basi anayetengeneza paa la nyumba yake atambue kwamba anafunika kanisa dogo.

1. KAENI WAWILI KABLA YA KUMWITA FUNDI

Tuchukue mfano. Mume anarudi jioni na kusema, "Mama watoto, fundi anakuja kesho. Toeni vitu." Mke anashtuka, "Kesho? Na yale mahindi yaliyo darini? Na mtoto mwenye kifua atalala wapi?" Mume anajibu, "Mimi ndiye ninayelipa." Neno hilo moja linatosha kuharibu kazi yote. Mabati mapya yatang'aa juu, na chini yake mtu atakaa na kinyongo.

Upande wa pili pia upo. Mke amepata zamu yake katika chama, ananunua mabati bila kumwambia mume, na lori linayashusha uani mbele ya wazee na majirani. Mke alitaka kumfurahisha. Mume anajiona ameaibishwa nyumbani kwake. Wote wawili walitaka jambo jema, lakini walilitaka kila mmoja peke yake.

Basi tafuteni jioni moja watoto wakiwa wamelala. Zimeni redio, wekeni simu kando, chukueni daftari na kalamu. Kila mmoja aseme kwa ukweli: ana kiasi gani, anadaiwa kiasi gani, na anaogopa nini. Mali bila daftari huisha bila habari.

Katika hesabu yenu msiandike mabati tu. Andikeni pia mbao, misumari yenye mipira, bati la mgongo la kufunika kilele, gata, usafiri, ujira wa fundi na vibarua, chakula chao na turubai. Kumbukeni kwamba geji ya bati ikiwa namba kubwa, bati ni jembamba. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 28 ni nene kuliko yote mawili. Bati la bei rahisi huweza kuwarudisha dukani mapema. Wahenga walituonya kwamba rahisi hugharimu.

Tengeni pia fungu moja katika mafungu 10 kwa mambo yasiyoonekana. Hesabu yenu ikiwa shilingi 150,000, wekeni kando shilingi 15,000. Sababu yake ni hii: hakuna anayejua hakika mchwa wamekula mbao kiasi gani hadi bati liondolewe.

Mkihitaji mkopo, mwende wawili. Anayetaka kuweka hati ya shamba au ya nyumba ya familia kuwa dhamana, ajue kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hapa Kenya inadai ridhaa ya wote wawili. Na hata kama sheria isingedai, ahadi mliyotoa mbele ya altare ingedai.

2. CHAGUENI MAJIRA

Katika sehemu nyingi za nchi yetu mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, na mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba. Kwa wengi, wakati mzuri ni Januari na Februari, au kati ya Juni na Septemba. Walio karibu na Ziwa Viktoria na katika nyanda za juu za magharibi wanajua kwamba kwao mvua hupiga hata Julai na Agosti. Kwao ni heri mwanzo wa mwaka.

Lakini Januari ni mwezi wa karo! Ndiyo maana mpango uanze mapema. Wengine hununua mabati kidogo kidogo. Ni njia njema, mradi myatunze. Yapangeni juu ya vipande vya mbao, yasiguse ardhi, tena mahali pakavu. Maji yakinaswa kati ya bati na bati, hutoa madoa meupe na kuanza kuharibu mabati kabla hayajapanda juu. Na msinunue kabla fundi hajapima paa kwa kamba au futi.

3. MAPATANO NA FUNDI

Mapatano yaandikwe, hata kama fundi ni ndugu wa Jumuiya yenu au mtoto wa shangazi. Hasa akiwa ndugu! Karatasi ionyeshe kazi yenyewe, siku ya kuanza, ujira, na namna ya kulipa. Lipeni kwa hatua: sehemu ya kwanza kazi ikianza, nyingine mbao zikikamilika, na ya mwisho baada ya paa kukaguliwa. Andikeni pia mabati ya zamani ni ya nani. Mafundi wengine huyahesabu kuwa yao, na mama alikuwa ameshaona moyoni mwake banda la kuku.

Mwambieni fundi asivue nyumba yote kwa siku moja ikiwa anaweza kuvua upande mmoja, akaufunika, ndipo aende upande wa pili. Mvua haina adabu. Huja hata Februari.

Jambo jingine ni sauti. Fundi asikie sauti moja. Mume asiseme dirisha la darini lizibwe, kisha mke akasema liachwe. Mkitofautiana, ingieni ndani mkazungumze, kisha mmoja atoke na jibu la wawili. Msimfanye fundi awe hakimu wenu, wala mjumbe wa kupeleka maneno kutoka jikoni hadi uani.

4. JE, PAA LENU NI LA ASBESTOSI?

Hapa simameni. Nyumba nyingi za zamani, zikiwamo za serikali, za shule na hata za misheni, ziliezekwa kwa vigae vikubwa vya kijivu vyenye mawimbi, vinavyovunjika kama sahani. Hiyo ni asbestosi. Ikivunjwa au kukatwa kwa msumeno, hutoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huingia mapafuni na kukaa humo. Zinaweza kuleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi, hata zaidi ya 20.

Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 zimeiweka asbestosi kati ya taka za hatari. Kwa hiyo usipande mwenyewe na nyundo, wala usiwape vijana wa mtaa kazi hiyo. Ulizeni ofisi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyo katika kaunti yenu. Watawaeleza ni nani aliyepewa leseni ya kuondoa na ni wapi pa kutupa. Vigae hivyo hulowanishwa, huteremshwa vikiwa vizima, na hufungwa kwa nailoni. Vipande vyake havifai kwa banda la kuku, wala kujaza mashimo ya njia.

Na wewe mume, ukiwa kibarua wa kazi kama hiyo, usirudi nyumbani na nguo za vumbi ili mkeo azifue. Wako wake waliougua kwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao. Kumpenda mke ni pamoja na kutomletea vumbi hilo mlangoni.

5. KUPANGA VITU, NA KUAMBIANA YALIYOFICHWA

Hata paa la mabati huangusha kutu, vumbi, viota vya panya na kinyesi cha popo. Anzeni kupanga siku tatu au nne kabla.

Karatasi muhimu ziwe za kwanza: cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa, vitambulisho, hati ya shamba, vyeti vya shule. Ziwekeni katika mfuko wa nailoni, kisha katika sanduku la bati, mahali mnapopajua ninyi wawili. Familia nyingi huanza kutafuta hati siku ya msiba, kwa sababu marehemu peke yake ndiye aliyejua zilipo. Kubadilisha paa kuwe nafasi ya kumaliza desturi hiyo.

Nafaka na mbegu zitoke darini zikawekwe ghala la jirani. Magodoro, blanketi na nguo zifungwe katika nailoni. Makabati yasiyotoka yasogezwe katikati ya chumba na kufunikwa kwa turubai. Picha takatifu, saa na vioo vishushwe ukutani, maana kugonga kwa nyundo hutikisa nyumba nzima. Mkiona nyuki au nyigu juu, tafuteni mrina asali kabla fundi hajapanda. Popo wakiwa wamekaa humo, msifagie kinyesi kikiwa kikavu. Kinyunyizieni maji kwanza, na anayefanya kazi hiyo afunike pua na mdomo.

Katika kupanga huku, mara nyingi hutokea jambo. Mke anainua godoro na kukuta barua ya deni asilolijua. Mume anahamisha kikapu na kukuta kitabu cha akiba asichowahi kukiona. Hapo ndipo nyumba nyingi hubomoka kabla ya paa.

Shauri langu ni hili. Aliye na jambo aliloficha aliseme mwenyewe kabla ya siku ya kupanga vitu. Deni linalosemwa na mdomo wa mwenyewe huumiza, lakini hulipika. Deni linalookotwa chini ya godoro huacha swali: "Yako mangapi mengine?" Naye anayeambiwa asilipige tarumbeta kwa mama mkwe, wala asilingoje kuwa silaha ya ugomvi wa mwaka ujao. Asikilize, aulize kiasi, kisha waandike pamoja katika lile daftari. Mambo yakizidi nguvu zenu, mwoneni Padre Paroko au wasimamizi wenu wa ndoa. Ndiyo kazi waliyokubali.

6. MTALALA WAPI?

Usiku mmoja au miwili huenda nyumba ikawa wazi. Amueni mapema. Mkumbukeni yule mgonjwa wa Kafarnaumu: aliye dhaifu kuliko wote apangiwe wa kwanza. Mtoto mwenye pumu, mama mjamzito, bibi mzee na mgonjwa waondoke kabla bati la kwanza halijang'olewa, warudi vumbi likishatulia.

Mkienda kulala kwa wakwe au kwa shemeji, kaombeni hodi pamoja, siku kadhaa mbele. Pelekeni unga na sukari yenu. Mke asiachwe aende na watoto na mabegi kwa mama mkwe kama mtu aliyefukuzwa, huku mume akibaki na mafundi hadi usiku wa manane. Mume akilazimika kubaki kulinda vitu, awapeleke mwenyewe na aeleze. Na mkialikwa na jirani wa Jumuiya, kubalini. Leo wao, kesho ninyi.

Waambieni majirani wa karibu siku ya kazi. Huenda mmoja ana mtoto mchanga au mgonjwa atakayesumbuliwa na kelele. Neno dogo la adabu hulinda ujirani.

7. SIKU YENYEWE

Salini pamoja asubuhi, ninyi na mafundi wakikubali. Kisha shikeni haya:

(a) Zimeni umeme kwenye swichi kuu. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi nyumbani usiguswe na fundi wa paa. Ukiwa njiani, iteni Kenya Power mapema waushughulikie.

(b) Ondoeni mdomo wa gata kwenye tangi na mfunike tangi, ili kutu na vumbi visiingie katika maji ya kunywa.

(c) Ngazi ifungwe juu na ishikwe chini. Kazi isimame kukiwa na upepo mkali, mvua au radi. Aliyekunywa pombe asipande, hata akisema ni kidogo. Fundi naye ni baba wa watoto. Kumbukeni Torati na ule ukingo wa paa.

(d) Watoto wasicheze chini ya kazi. Msumari mmoja wenye kutu huweza kuleta pepopunda. Mtu akichomwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, kisha aende zahanati akaulizwe kuhusu chanjo.

(e) Mama asiachiwe kupika, kulea, kuhamisha vitu na kusimamia mafundi, yote peke yake. Baba ashike mtungi wa maji, ashike na mtoto. Hakuna cheo kinachopungua.

8. PAA LIKISHAFUNGWA

Msilipe sehemu ya mwisho kwa kuangalia uzuri wa rangi. Ingieni ndani mchana, fungeni madirisha, mtazame juu. Panapopenya mwanga, maji pia yatapenya. Okoteni misumari yote uani. Sumaku ya spika mbovu ikiburutwa kwa kamba huokota ile ambayo macho hayaioni. Mvua ya kwanza ioshe paa na imwagike. Msiiingize tangini.

Kisha rudini kwenye daftari. Someni pamoja yaliyotumika na yaliyobaki. Shukuruni kwa maneno. Mume amwambie mkewe, "Asante, ulihifadhi kila kitu." Mke amwambie mumewe, "Asante, tunalala pakavu." Wengi wetu twasifu mabati tukawasahau waliojinyima kwa ajili yake. Ikiwezekana, mwalikeni Padre aje kubariki nyumba, na Jumuiya isali pamoja nanyi chini ya paa jipya.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

1. Katika nyumba yetu, ni uamuzi gani mkubwa uliofanywa na mmoja wetu peke yake? Mwenzake alijisikiaje?

2. Je, kila mmoja wetu anajua karatasi muhimu za familia ziko wapi?

3. Paa letu likiondolewa kesho, ni nani angeumia zaidi? Tumempangia nini?

4. Kuna jambo ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu kabla hujaliona mwenyewe?

KAZI YA JUMA HILI

Hata kama paa lenu bado ni zima, mvua ikinyesha tembeeni wawili chumba kwa chumba mkitazama juu. Panapovuja andikeni, pangeni siku ya kupatengeneza, na kila mmoja aseme atachangia nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SALA

Ee Baba, wewe ni kimbilio letu. Tazama nyumba hii uliyotupa. Utujalie kuwekana wazi bila kuogopana, na kufunikana bila kudanganyana. Uwalinde watakaopanda juu na walio chini. Utukumbushe wasio na paa usiku wa leo, nasi tusiwafungie mlango. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.